Hadrian: Kaizari aliyelijengea jua njia bustanini

KILA mwaka ifikapo Juni 21, siku yenye mchana mrefu kuliko zote nchini Italia, mwali wa jua linalotua hupenya katika tundu lililo juu ya mlango wa mnara uitwao Roccabruna, nje kidogo ya mji wa Tivoli. Mwali huo huvuka ukumbi wa mviringo na kuangukia kidaka kilicho ukutani upande wa pili. Hukaa hapo kwa muda mfupi, kisha hutoweka.

Mnara huo ni sehemu ya kasri na bustani zilizojengwa yapata miaka 1,900 iliyopita kwa amri ya Hadrian, Kaizari aliyeitawala Roma kuanzia mwaka wa 117 hadi 138. Milki yake ilienea kutoka Uingereza hadi Misri. Neno lake moja lilitosha kumwinua mtu au kumwangamiza. Hata hivyo, mtawala huyo aliishi akiyatazama macheo na nyota kama mtu anayesubiri jibu, na alipojijengea makao ya kupumzikia, aliliwekea jua nafasi ndani ya kuta zake.

Yatima aliyetabiriwa ufalme

Publius Aelius Hadrianus alizaliwa Januari 24 mwaka wa 76, katika ukoo wa walowezi wa Kirumi waliotoka Italica, mji uliokuwa karibu na Seville ya leo nchini Uhispania. Babake, aliyekuwa seneta, alifariki mtoto huyo akiwa na umri wa karibu miaka 10. Malezi yake yakaachwa mikononi mwa watu wawili: Acilius Attianus, na binamu wa marehemu aliyeitwa Trajan, jemadari ambaye hakuna aliyejua wakati huo kwamba siku moja angeshika hatamu za Roma.

Kijana huyo alivutiwa mno na lugha na elimu ya Wagiriki, hata wenzake wakamtania kwa kumpachika jina la Mgiriki mdogo. Alijifunza ushairi, muziki, hesabu, uchoraji na ujenzi. Alijifunza pia kusoma nyota. Katika zama hizo elimu ya falaki na unajimu zilikuwa kitu kimoja; aliyejua kukokotoa mwendo wa sayari alitarajiwa pia kueleza zilivyogusa maisha ya wanadamu.

Taaluma hiyo ilikuwa ya ukoo. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba ami wa babake alisifika kwa unajimu na alimtabiria mtoto huyo ufalme. Baadaye, mnajimu aliyeitwa Antigonus wa Nicaea aliandika hesabu za nyota ya Hadrian, na hesabu hizo zimehifadhiwa hadi leo. Kwa mujibu wake, Mwezi na sayari ya Mshtarii vilikuwa vikichomoza pamoja saa ya kuzaliwa kwake, jambo lililohesabiwa kuwa alama ya mtu wa kutawala.

Hadrian hakukaa akiingojea nyota yake. Alitumikia jeshi na serikali kwa bidii, akapigana katika vita vya Trajan huko Dacia, nchi ambayo leo ni Romania. Mwaka wa 100 alimwoa Vibia Sabina, mjukuu wa dadake Trajan. Ndoa hiyo ilimsogeza karibu na kiti, ingawa haikuleta watoto wala, kwa masimulizi ya wengi, furaha. Aliyemwunga mkono zaidi alikuwa Plotina, mkewe Trajan.

Mwanzo wenye damu

Agosti mwaka wa 117 Trajan alifariki akiwa safarini katika pwani ya Cilicia, kusini mwa Uturuki ya leo. Hadrian alikuwa liwali wa Syria. Ilitangazwa kwamba Trajan, kabla ya kukata roho, alikuwa amemfanya Hadrian mwanawe na mrithi wake. Barua iliyopelekwa kwa Baraza la Seneti ilikuwa na sahihi ya Plotina. Minong'ono kwamba mambo yalipangwa pembeni mwa maiti ilianza mapema na haikukoma.

Kabla Kaizari mpya hajafika Roma, maseneta wanne mashuhuri walikuwa wameuawa bila kufikishwa mahakamani kwa madai ya kula njama: Avidius Nigrinus, Cornelius Palma, Publilius Celsus na Lusius Quietus. Huyo wa mwisho alikuwa Mwafrika wa jamii ya Wamoor na mmoja wa majemadari hodari wa Trajan. Hadrian aliapa kwamba amri haikuwa yake, akamtupia lawama Attianus, mlezi wake wa zamani. Maseneta walimsikiliza, lakini hawakumsamehe maishani mwake.

Ili kuwatuliza wananchi, mwaka wa 118 alifuta madeni ya kodi ya sesterse milioni 900, na hati za madeni hayo zikachomwa moto hadharani. Aliyaacha pia maeneo ambayo Trajan alikuwa ameyateka karibuni upande wa mashariki, yakiwemo Mesopotamia na Armenia, kwa kuona kwamba Roma haikuwa na uwezo wa kuyashikilia. Mipaka ilikuwa lazima ijulikane na ilindwe. Fikira hiyo ndiyo iliyozaa ukuta wa urefu wa kilomita zipatazo 117 kaskazini mwa Uingereza, ulioanza kujengwa alipozuru huko mwaka wa 122.

Msafiri wa macheo

Makaizari wengi walitawala wakiwa Roma. Hadrian alitumia karibu nusu ya utawala wake njiani, akikagua majeshi, kusikiliza mashtaka na kuanzisha miji. Katikati ya shughuli hizo, waandishi wa kale wanasimulia mambo ambayo hayakuwa na faida yoyote ya kiserikali.

Yapata mwaka wa 125 alipanda mlima Etna, volkano ya kisiwa cha Sicily, kwa sababu moja tu: kuliona jua likichomoza. Alikuwa amesikia kwamba ukiwa huko juu macheo yana rangi nyingi kama upinde wa mvua. Katika safari nyingine alipanda mlima Casius nchini Syria usiku kwa lengo hilo hilo. Inasemekana dhoruba ilizuka alipokuwa akitoa kafara, radi ikampiga mnyama wa kafara pamoja na mhudumu. Na alipofika Afrika ya Kaskazini mwaka wa 128, mvua ilinyesha baada ya ukame wa miaka mitano, wenyeji wakampenda kwa hilo. Mbingu, katika masimulizi hayo, mara zilimkubali na mara zilimkataa.

Pigo kubwa lilimpata Misri. Oktoba mwaka wa 130, Antinous, kijana kutoka Bithynia aliyempenda kuliko mtu yeyote, alifia maji katika mto Nile. Wapo waliosema ni ajali, na wapo waliodai kijana huyo alijitoa mhanga ili maisha ya Kaizari yarefuke. Hadrian alilia waziwazi, jambo lililowachekesha baadhi ya wakubwa wa Roma. Alianzisha mji wa Antinoopolis karibu na mahali pa msiba, akaamuru kijana huyo aabudiwe kama mungu, na sanamu zake zikaenea katika milki nzima.

Hakuishia hapo. Alidai ameiona nyota mpya angani, akasema ni roho ya Antinous, na wanajimu wa kasri wakakubaliana naye. Jina hilo lilidumu. Kwa karne nyingi ramani za nyota zilionyesha kundi lililoitwa Antinous, jirani na kundi la Tai, hadi mipaka rasmi ya makundi ya nyota ilipowekwa mwaka wa 1930 na nyota zake zikaingizwa katika kundi hilo la Tai.

Novemba ya mwaka huo wa msiba, Hadrian na Sabina walikwenda Thebes kuisikiliza sanamu kubwa ya Memnon, iliyokuwa ikitoa sauti jua lilipoigusa asubuhi. Mshairi Julia Balbilla, aliyekuwa katika msafara, alichonga mashairi yake kwenye mguu wa sanamu kuwa kumbukumbu ya ziara hiyo, nayo yangali yanasomeka.

Dunia nzima ndani ya bustani

Kazi ya Tivoli ilianza mapema katika utawala wake, yapata mwaka wa 118, na iliendelea kwa awamu hadi kifo chake. Tarehe hizo zinajulikana kutokana na mihuri iliyopigwa kwenye matofali. Mahali hapo ni kilomita zisizopungua 28 mashariki mwa Roma, chini ya vilima, karibu na mto Aniene na mifereji iliyopeleka maji mjini. Eneo lililotambuliwa ni hekta 120 au zaidi, na majengo, mabwawa, chemchemi na viwanja vya miti vilitawanywa kufuata umbile la ardhi.

Inaelezwa kwamba Hadrian alizipa sehemu za bustani hiyo majina ya mahali mashuhuri alipopajua: Lyceum na Academy za Athens, bonde la Tempe la Ugiriki, Canopus ya Misri. Palikuwa hata na sehemu iliyoitwa Kuzimu. Bwawa ambalo leo hujulikana kama Canopus lina urefu wa mita zipatazo 119, na kando yake zilisimama sanamu, zikiwemo nakala za wanawake wa mawe wanaobeba dari ya hekalu la Erechtheion kule Athens, na mamba wa jiwe. Kwingineko kuna kisiwa kidogo cha mviringo kilichozungukwa na maji, chenye nyumba ndogo, ambapo Kaizari angeweza kujitenga na kila mtu.

Chini ya uzuri huo palikuwa na bustani nyingine isiyoonekana. Njia pana zilichimbwa ndani ya mwamba ili watumwa na mikokoteni wapite wakibeba kuni, vyakula na uchafu bila kuyaudhi macho ya wakubwa. Waliomwezesha Kaizari kuliangalia jua kwa utulivu walifanya kazi nyingi wakiwa chini ya ardhi, wakipata mwanga kupitia matundu tu.

Ili kuielewa maana ya mnara wa Roccabruna, yafaa kukumbuka tofauti ya nchi na nchi. Huku karibu na Ikweta, mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima. Italia mambo ni mengine. Mwezi Juni mchana wa Roma hupita saa 15. Desemba hupungua hadi takriban saa tisa. Mahali pa macheo na machweo huhama kwenye upeo wa macho wiki baada ya wiki, hadi jua lifike mwisho wa safari yake upande wa kaskazini mnamo Juni 21, lionekane kama limesimama, kisha lianze kurudi kusini. Desemba hufanya vivyo hivyo upande wa pili.

Siku hizo mbili zilikuwa nguzo za kalenda ya mkulima, baharia na kuhani. Warumi waliisherehekea Fors Fortuna, mungu wao wa kike wa bahati, Juni 24, siku waliyoihesabu kuwa ya mgeuko wa jua.

Uhusiano wa mnara huo na jua ulianza kutambuliwa na wasanifu wa majengo kutoka Marekani katika miaka ya 1980. Baadaye mwanaakiolojia Marina De Franceschini na mtaalamu wa falaki Giuseppe Veneziano, wote Waitaliano, walipima majengo ya sehemu ya juu ya bustani na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2011. Waligundua kwamba Roccabruna inaelekea machweo ya siku ndefu. Jengo la Accademia, lililo kwenye kilele cha eneo hilo, limelazwa kwenye mstari unaounganisha macheo ya siku ndefu na machweo ya siku fupi. Mstari huo ni mmoja kwa sababu jua likichomoza kaskazini mashariki kabisa mwezi Juni, hutua upande ulio kinyume kabisa mwezi Desemba.

Hakuna andiko la Hadrian linaloeleza nia yake. Aliandika kitabu cha maisha yake, lakini kitabu hicho kilipotea. Hoja yote inasimama juu ya vipimo vya kuta, na mwenye kushuku anaweza kusema kwamba penye kuta nyingi, jua halikosi kuugusa ukuta fulani siku fulani. Kinachoipa hoja hiyo uzito ni kwamba mambo kama hayo yanaonekana pia katika jengo jingine la Hadrian.

Jengo hilo ni Pantheon ya Roma, lililokamilika katika utawala wake. Kuba lake lina upana wa mita 43.3, sawa na kimo chake kutoka sakafuni, na kileleni pana tundu la upana wa karibu mita tisa. Mwanga wa jua huingia hapo na kutembea ndani ya jengo kama mshale wa saa. Saa sita mchana ya Aprili 21 mwanga huo huangukia mlango mkuu. Aprili 21 ni siku ambayo Warumi waliamini mji wao ulianzishwa, na mwaka wa 121 Hadrian mwenyewe aliipa sherehe hiyo hadhi mpya. Kaizari aliyeingia mlangoni saa hiyo angeonekana amevikwa nuru.

Isitoshe, Hadrian aliihamisha sanamu kubwa ya Nero kwa nguvu za tembo 24 na kuiweka wakfu kwa Jua. Alipanga pia kujenga nyingine ya kufanana nayo kwa ajili ya Mwezi, pamoja na msanifu Apollodorus wa Damascus. Mwandishi Cassius Dio anasimulia kwamba msanifu huyo, aliyewahi kuidharau michoro ya Hadrian, aliishia kufukuzwa nchini na kuuawa. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka habari hiyo. Hata hivyo, kwamba ilisadikika inaonyesha jinsi watu walivyomwogopa.

Kifo kilichokawia

Upande wake wa kikatili ulijitokeza wazi Yudea. Uamuzi wa kujenga juu ya magofu ya Jerusalem mji wa Kirumi ulioitwa Aelia Capitolina, kwa jina la ukoo wake, ulichangia kuzuka kwa uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Simon Bar Kokhba kuanzia mwaka wa 132 hadi 135. Cassius Dio anataja watu 580,000 waliouawa vitani, mbali na waliokufa kwa njaa na maradhi. Wayahudi walipigwa marufuku kuingia Jerusalem, na jimbo likabadilishwa jina kuwa Syria Palaestina.

Hadrian alirudi Italia akiwa mgonjwa. Mwili ulivimba, pumzi ikapungua, na hasira ikazidi. Alipomteua Lucius Ceionius Commodus kuwa mrithi mwaka wa 136, alimlazimisha kufa shemeji yake Servianus, mzee wa miaka 90, pamoja na Fuscus, mjukuu wa mzee huyo, kijana wa miaka 18, kwa kuwashuku kwamba walipinga uteuzi. Inasimuliwa kwamba Servianus aliomba uvumba, akaapa mbele ya miungu kwamba hana hatia, na kumwombea Hadrian jambo moja: atamani kufa asiweze.

Mrithi huyo aliaga dunia Januari 1 mwaka wa 138. Mnamo Februari Hadrian alimchagua Antoninus, mtu mpole, kwa sharti kwamba naye awafanye wanawe vijana wawili, mmoja wao Marcus Aurelius. Kwa mpango huo aliiachia Roma watawala wazuri kwa zaidi ya miaka 40.

Mwenyewe hakupata nafuu. Waandishi wa kale wanadai kwamba alizoea kuandika kila Januari 1 mambo yatakayompata mwaka mzima, na kwamba aliijua hata saa ya kufa kwake. Lakini maumivu yalipozidi hakuweza kuingoja saa hiyo. Alimwita mtumwa aitwaye Mastor na kumwonyesha mahali pa kumchoma chini ya titi. Mtumwa akakimbia kwa hofu. Aliomba sumu, akanyimwa. Aliyekuwa na uwezo wa kuua yeyote hakuwa na uwezo wa kujiua. Alifariki Julai 10 mwaka wa 138 huko Baiae, karibu na Naples, akiwa na umri wa miaka 62.

Baraza la Seneti, likikumbuka maseneta waliouawa, lilikataa kumtangaza kuwa mungu. Antoninus alisihi hadi likakubali. Kaburi lake kubwa kando ya mto Tiber baadaye liligeuzwa ngome, nalo leo hujulikana kama Castel Sant'Angelo.

Bustani ya Tivoli ilitelekezwa, marumaru yake yakachomwa kuwa chokaa. Kuanzia mwaka wa 1550 msanifu Pirro Ligorio aliichimbua kwa niaba ya Kadinali Ippolito d'Este, akabeba sanamu na mawe kwenda kupamba Villa d'Este, mojawapo ya bustani zilizoigwa kote Ulaya. Kwa hivyo, magofu ya Hadrian yakawa shule ya bustani za Italia. Mwaka wa 1999 Shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya turathi za dunia.

Sanamu ziligawanywa katika majumba ya makumbusho, marumaru ikabanduliwa kutani, na hakuna tena anayeabudu Antinous. Tundu la Roccabruna halikuweza kubebwa. Jioni ya Juni 21, mbingu zikiwa wazi, mwali bado hufika kwenye kidaka chake, ingawa aliyeutengenezea njia amekwisha kuwa mavumbi.